Feni Yetu Ilipumzika Jumapili

Mlioanza nami mnakumbuka tulikofika. Baba amenunua ghala la bati kwa watu waliouza shamba lao, tumelibeba vipande vipande kwenye tela huku majirani wakitutazama, tumelisimamisha nyuma ya zizi, limeinama upande tukalinyoosha, na siku lilipojaa mahindi Baba akalia. Alilia kweli, mbele za watu, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakwenda kupanga foleni kwenye ghala la ushirika mjini na kuuza kwa bei ya wakati wa mavuno, ambayo ni bei ya kutupa. Safari hii mahindi yangemsubiri yeye mpaka bei ipande.

Kwa waliochelewa, mimi ni Rika Tolsma, nasoma sekondari, na ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiniuliza swali, masikio yananiwaka mpaka kengele inalia. Shamba letu ni dogo kwa huku kwetu Iowa, yaani wenye mashamba makubwa wakipita wanapunguza mwendo na kulitazama kama ng'ombe wa mnadani. Nyumbani tuko wanne: Babu Wiebe, Baba, Mama na mimi. Shangazi Jelske, dada yake mkubwa Baba, anakaa mjini, lakini ndiye anayekuja kuendesha mashine ya kuvunia, maana Baba anaiendesha kama amepakia mayai.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye harufu. Leo nasema ilikotoka. Kama kuna anayekula, amalize kwanza.

Mvua ya vuli ilitunyeshea mpaka tukakata tamaa, na mahindi yaliingia ghalani mabichi. Hilo si kosa, wengi wanafanya hivyo. Sakafu ya ghala ina matundu, na chini yake kuna feni kubwa inayosukuma hewa kwenda juu, wiki baada ya wiki, mpaka mahindi yakauke. Sharti lake ni moja tu. Usiizime.

Sisi tuliizima.

Kila Jumamosi jua likianza kuzama, Babu alikuwa anasimama mlangoni kofia mkononi, anamtazama Baba bila kusema kitu. Baba anavaa buti, anakwenda kuizima, na haiwashwi mpaka Jumatatu asubuhi. Katika kanisa letu Jumapili hakuna kazi. Hatufui, hatukati nyasi, hata viazi vya Jumapili Mama anavimenya Jumamosi. Na ile feni ikiunguruma inasikika mpaka kwa jirani yetu Mzee Sybren, ambaye ni mzee wa kanisa. Babu alisema hata mashine inahitaji siku ya kupumzika.

"Mahindi hayajui Jumapili, mzee," Shangazi alimwambia siku moja mezani, keki mdomoni.

"Ndiyo maana yanaliwa na nguruwe," Babu akamjibu.

Tulicheka sote.

Mwezi wa pili, theluji ilipoanza kulegea, mimi ndiye niliyeisikia harufu wa kwanza, kwa sababu napita pale asubuhi nikienda kulisha kuku. Ilikuwa kama mtu ametapika bia kwenye soksi, halafu soksi akaifungia kwenye boksi. Nilipita nimeziba pua. Kesho yake nikapita nimeziba pua na mdomo. Siku ya tatu kuku wenyewe walihamia upande wa pili wa banda.

Mezani nikasema, kwa ile sauti yangu ya chini, kwamba ghala linanuka. Babu akasema ni nguruwe wa Sybren. Baba akamtazama Babu, akasema naye, ndiyo, ni nguruwe wa Sybren, upepo umegeuka. Tangu siku hiyo nguruwe wa watu walibebeshwa kila kitu. Nguo za Baba zikinuka, ni nguruwe. Jikoni kukinuka madirisha yakiwa yamefungwa, ni nguruwe. Siku upepo ulipovuma kutoka kwetu kwenda kwao, Babu akasema nguruwe wana harufu inayorudi kinyumenyume.

Kanisani ndiko nilikotamani ardhi inimeze. Huku kwetu mahubiri ni marefu, na yakianza, kila familia inapitishana pipi za mnanaa kimyakimya, moja kwa kila mtu. Jumapili hiyo Baba alikaa, na uvundo ukakaa naye. Ulikuwa umeingia mpaka kwenye suti. Mwanamke aliyekaa mbele yetu akageuza shingo, akaangalia chini ya kiatu chake, kisha chini ya kiatu cha mumewe, kisha wakasogea wote. Babu akagawa pipi kabla hata mchungaji hajafungua Biblia. Akagawa za pili. Akagawa za tatu. Fikiria mahindi yaliyooza yamepakwa mnanaa juu. Mama peke yake ndiye aliyepona, kwa kuwa yeye anapiga kinanda kule mbele.

Basi wiki hiyo Shangazi Jelske akaja bila kuitwa. Alisema harufu yetu imefika mjini kabla yetu.

Hakuingia hata ndani kunywa kahawa. Alichukua nondo ndefu, akapanda ngazi ya ghala, akafungua mfuniko wa paa, akaichomeka kwenye mahindi kwa nguvu zake zote. Aliiacha kidogo, akaichomoa. Nondo ilitoka na moshi. Nje ni barafu tupu, na chuma kinatoa moshi. Nchani kulikuwa na kitu cheusi kinavutika kama kamasi, kina nywele za ukungu za kijani, na ndani yake vidudu vinatembea taratibu kama wenye nyumba.

Alishuka nacho, akamsogezea Baba puani.

"Haya nusa. Huyu ni nguruwe wa nani?"

Baba akageuza uso.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu. Nguruwe gani anaota mwenyewe ndani ya ghala?"

Baba akasema kwa sauti ya kubembeleza kwamba feni ilikuwa ikifanya kazi siku zote, ila Jumapili tu. Shangazi akacheka kile kicheko chake kisicho na raha. Akamuuliza kama anajua feni ya Mzee Sybren inafanya kazi lini. Baba akasema hajui.

"Kila Jumapili inapuliza, iko nyuma ya mabanda ndiyo maana hamuisikii. Ina swichi inayojiwasha hewa ikifaa na kujizima. Baraza la wazee lilikaa likapitisha, kwa sababu hakuna mkono wa mtu unaoigusa. Muulize baba yetu. Alikuwa kwenye kikao."

Sote tukamgeukia Babu. Alikuwa amesimama kibarazani na kikombe chake. Hakushtuka, ndicho kilichonichefua zaidi. Alikunywa kahawa, akafuta masharubu, akasema hawezi kuona shamba la Tolsma linaiga shamba la Sybren.

Yaani alijua. Majuma yote yale anasimama mlangoni na kofia mkononi kama malaika, alijua kuna njia, na njia ile kanisa limeikubali. Aliona heri mahindi ya mwanawe yaoze kuliko Sybren aseme, mmeona, wameiga kwangu. Nilimtazama shingo yake inavyopanda na kushuka akimeza kahawa.

Shangazi hakupoteza muda naye. Alimshika Baba kola, akamwambia jambo moja, na hilo mlishike na nyinyi maana ndilo nililolala nalo wiki nzima. Asiingie mtu humo ndani.

Mahindi ya juu yalikuwa yameshikana yakawa ganda gumu, kama mfuniko. Ukichota mahindi kwa chini, chini kunabaki shimo, na ganda linabaki linaelea. Kwa macho unaona mahindi yamejaa. Unakanyaga, linapasuka, na mahindi yanakufunika kabla hujamaliza kuita jina la mkeo. Na ikiwa skrubu inazunguka, yaani lile bomba linalochota kutoka chini na kutema kwenye tela, ndiyo inakuvuta kabisa. Huku kwetu kila kanisa lina mjane wa ghala. Letu linao wawili.

"Niapie," Shangazi akasema.

Baba akaapa. Mama akamwambia aape tena, yeye akiwa anasikia. Akaapa tena. Wakakubaliana Jumatatu Shangazi aje na watu wa ushirika, wana mashine ya kufyonza kutoka juu na mikanda ya kumfunga mtu.

Babu aliuliza swali moja tu. Hao watu wa ushirika watapita na magari yao barabara kuu, mchana, kila mtu aone?

Shangazi akamwambia, ndiyo mzee, na wakitaka watapiga honi.

Jumapili ikafika. Baba akasema tumbo linamuuma, haendi kanisani. Mama alimpa chai, akamgusa paji la uso, akatangulia na gari letu kwa sababu ya kinanda. Mimi nikapanda gari la Babu. Njia nzima Babu alikuwa akiimba puani. Babu haimbi puani. Nilidhani kaota vizuri.

Mahubiri yalipoanza akanipa pipi, halafu akaniongezea nyingine.

"Ya baba yako hiyo," akaninong'oneza.

Nikamuuliza kwa kunong'ona kama Baba atapona haraka. Babu akaniinamia sikioni, mnanaa unanifukuta, akaniambia Baba haumwi. Akaniuliza kama sijasoma kwenye Injili, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato si anatolewa? Basi leo Baba anamtoa ng'ombe. Barabara haina mtu, wote tuko hapa. Mpaka tutoke, uozo wote utakuwa umemwagwa korongoni na theluji juu yake, na Jumatatu watu wa ushirika wanaambiwa wasije, asanteni, hakuna kitu.

Nilichukua muda kuelewa. Feni haikuruhusiwa Jumapili kwa sababu watu wangesikia. Uozo umeruhusiwa Jumapili kwa sababu watu hawataona. Na ruhusa yote, ya kukataza na ya kukubali, ilitoka kwenye mdomo huu mmoja ulio sikioni kwangu, unanukia mnanaa.

Nilitemea pipi zote mbili ndani ya glovu.

"Lile ganda atalivunjaje peke yake?" nikamuuliza.

"Kwa nondo. Toka juu."

"Juu kwa nje, Babu, au juu ndani?"

Babu akakaa sawa, akatazama mimbari kama hanijui.

Sikiliza, mimi nilitaka kwenda kwa Mama tu. Ndicho nilichopanga. Nipite pembeni, nifike kwenye kinanda, nimnong'oneze, turudi nyumbani kimyakimya. Nikasimama. Babu akanishika sketi, nikajivuta. Nikaanza kutembea, na viatu vyangu vya Jumapili vinalia kwenye zile mbao kama bata. Mchungaji akanyamaza. Watu wakageuka. Kanisa zima likawa macho, na mimi katikati, masikio yanawaka moto. Miguu ikagoma. Kwa Mama hapafikiki. Mama kanitazama kutoka kwenye kinanda, uso wake unaniuliza.

Ikatoka yenyewe. Wala sikuitambua sauti yangu.

"Baba yuko ghalani peke yake, na skrubu inazunguka."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mngetegemea watu waulizane. Hakuna aliyeuliza. Wanaume wote wa kanisa lile ni wakulima, na wakulima wote wakasimama kwa pamoja, kama wameinuliwa na kamba. Wale wajane wetu wawili wakafunika nyuso. Mzee Sybren, na miaka yake ile, alikuwa wa kwanza mlangoni, kitabu cha nyimbo bado kiko mkononi.

Tulifika kwetu magari yamepandana mpaka kwenye bustani ya Mama. Skrubu ilikuwa inazunguka kweli. Inatema mabonge meusi kwenye tela, bonge linatua kwa sauti ya kinyesi cha ng'ombe, linatoa mvuke. Hakuna mtu. Mzee Sybren akaenda moja kwa moja kwenye swichi, akaizima. Ukimya ulioingia pale siutaki tena maishani.

Wakaanza kugonga bati kwa ngumi. Gerben, Gerben, wanamwita Baba. Wengine wanafunga tai puani kama majambazi. Kijana mmoja wao akatapika kwenye gurudumu. Mtu akaagiza misumeno, kwamba bati likatwe kotekote chini, mahindi yamwagike nje. Mama alikuwa amesimama na kiatu kimoja, kingine kimebaki kwenye theluji, anasema tu, kateni, kateni.

Ndipo tukasikia trekta.

Ilitokea upande wa korongo, inavuta tela tupu, na juu yake kakaa Baba, anapiga mluzi. Aliona zizi lake limezungukwa na kanisa zima kwenye suti. Mluzi ukaishia hewani.

Mama alimwendea anachechemea, akavua kile kiatu kilichobaki, akampiga nacho begani, akamkumbatia, akamnusa, akamsukuma. Watu wakaangua kicheko.

"Gerben," Mzee Sybren akamwambia, "hayo ni mahindi au umefukua mtu?"

Baba akajieleza, uso mwekundu kama nyama. Hakuingia ndani. Alipanda ngazi, akachokoa kutoka nje na nondo, ganda likaachia kidogo, harufu ikamrudisha chini. Tela la kwanza lilipojaa akaweka la pili, akaiacha skrubu iteme taratibu, yeye akaenda kumwaga. Aliapa hakuingia, aliogopa, si aliapa mbele ya mkewe? Watu wakampigapiga mgongo na kufuta mikono yao kwenye theluji.

Halafu wakatazama tela. Wakatazama ghala. Hakuna aliyesema neno nguruwe, ila niliona Mzee Sybren anavuta hewa, anafikiri, kisha anamtazama Babu kwa muda mrefu.

Babu akaja mpaka niliposimama.

"Umeridhika?" akaniambia, polepole, ili wengine wasisikie. "Baba yako mzima. Na wewe umesimama katikati ya kanisa umetuvua nguo."

Machozi ya aibu yakaanza, na nilijua hata Baba mwenyewe hanitazami. Nikawaza, sitafungua mdomo tena mbele za watu, sitafungua hata nikiungua. Nikainamisha kichwa ili nisione mtu.

Nikaona gurudumu la gari jekundu.

Lilikuwa pikapu, limebanwa katikati ya magari ya kanisani, karibu kabisa na ghala. Mlango wa dereva uko wazi. Watu waliegemea hapo wakiongea, kila mmoja akidhani mwenyewe kaja na wenzake. Lakini pikapu hilo ni la Shangazi Jelske, na Shangazi haendi kanisani. Haendi tangu mimi sijazaliwa. Na sisi tulipofika pale, magari yetu yote yaliegeshwa kulizunguka hilo, maana lilikuwa limetangulia.

Watu walikuwa wanaanza kupeana mikono ya kuagana. Mtu mmoja alishawasha gari. Babu bado ananitazama, shingo inapanda na kushuka.

Nilifungua mdomo mara ya pili.

"Baba, Shangazi yuko wapi?"

"Hajaja," Baba akasema. "Yeye kesho, na wale wa ushirika." Alikuwa bado anatabasamu. Kisha akafuata macho yangu, akaliona pikapu. Akauona mlango. Tabasamu likamtoka kidogokidogo, na kichwa chake kikaanza kuinuka, anafuata ngazi ya ghala, daraja kwa daraja, kwenda juu, mpaka paani, ambako mfuniko ulikuwa wazi.

"Ule mimi niliufunga," akasema.